Muuza Kinyaa

Jumamosi, tarehe 19 Julai 2008, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha biashara aliuza mashine yake ya kwanza ya kufyonza vumbi. Mnunuzi alikuwa mke wa fundi saa. Nakala ya stakabadhi ingali imetundikwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa kampuni, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, ili vijana wanaokuja kuomba kazi ya likizo wajionee kwamba hata wakubwa walianzia chini.

Stakabadhi haisemi kwamba mke wa fundi saa alilia. Hakulia kwa kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akasema, "Na mtoto ana kikohozi, jamani." Msichana aliyekuja na mashine alitaka kumwomba radhi. Kabla hajafungua mdomo, kiongozi wake, kijana mwenye suti moja na viatu vilivyong'aa kuliko sakafu ya ile nyumba, alimkanyaga mguu. Msichana akanyamaza. Mke wa fundi saa akanunua. Walipofika kwenye ngazi, kijana alimpa mkono.

"Umeona? Ungeongea, ungeharibu."

Yule kijana wa suti moja leo ni mkurugenzi wa mauzo. Msichana ana miaka thelathini na minane, anasimamia wauzaji wa mji mzima, na wanafunzi anaowafundisha humwita Dada Kitambaa. Hawamdhihaki. Kitambaa ndicho kilichompa chakula.

Ni kipande cha nguo nyeusi, ukubwa wa leso. Muuzaji hukipachika ndani ya mashine, pale bomba linapokutana na tumbo. Hupitisha mdomo wa bomba juu ya godoro, taratibu, mara chache tu, kisha huzima mashine, hukitoa kitambaa na kukilaza juu ya mto. Kimejaa unga wa kijivu, laini kama poda. Mwenye nyumba huutazama. Muuzaji hasemi kitu. Akiulizwa ni nini, hujibu kwa sauti ya daktari: "Ngozi. Yenu."

"Msiuze mashine," yule kijana wa suti moja aliwaambia siku ya kwanza, amepanda juu ya kiti katika mgahawa wa chuo. "Mashine nani anaihitaji? Si kila mtu ana ufagio? Uzeni kinyaa. Mtu akijionea kinyaa mwenyewe, hata umfukuze, atakufuata na pesa yake mlangoni."

Wanafunzi walicheka, wakapiga makofi. Msichana alipiga pia. Ada ilikuwa haijakamilika, na baba yake, dereva wa lori, alikuwa hajapata safari tangu mwaka ulipoanza.

Katika wiki ya pili kila muuzaji hugundua jambo ambalo halimo kwenye mafunzo. Godoro lolote hutoa vumbi. Lililotoka dukani jana hutoa. Lililofyonzwa dakika kumi zilizopita hutoa, kwa wingi uleule. Hakuna anayelizungumzia. Hukunja kitambaa, hukikung'uta nje, huenda mlango unaofuata.

Alipomaliza chuo alifanya usaili wa benki mara tatu, na mara tatu akaambiwa atapigiwa. Kampuni haikuwa na habari za kupigiwa. Ilimpa kundi la wanafunzi sita, kisha kumi na wanane, kisha ikampa mkoba wa ngozi na kadi zenye jina lake. Alisomesha wadogo zake wawili. Aliezeka upya nyumba ya mama yake. Mbele ya wageni shangazi yake hujivuna kwamba "mtoto wetu ni mtu mkubwa kwenye mambo ya usafi," na mashine aliyouziwa na huyo mtoto wake huitumia kutundikia mikoba.

Ilikuwa kazi nzuri kwa kila kipimo ambacho watu hutumia kupima kazi. Ilimchefua.

Mwanzoni alidhani ni harufu. Tumbo la mashine likifunguliwa hutoka joto lenye harufu ya nywele, jasho lililokauka na kitu kingine kitamukitamu, na harufu hiyo ilimganda puani hata alipokuwa anakunywa chai. Alizoea kuosha mikono mpaka viwikoni. Akaanza kusafiri na shuka lake. Akaacha kulala kwa ndugu. Alitoa udhuru wa kazi na kurudi mjini hata kama ni mbali. Akikaribishwa sebuleni, alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Mchumba mmoja, mpole, mpima ardhi, alivumilia mwaka mzima, kisha akamwambia, "Mwenzangu, nikiamka usiku nakukuta unanitazama kama unanihesabia mba. Siwezi." Akaondoka na mto wake.

Ilimchukua miaka kutambua kwamba vumbi lenyewe halikuwa shida. Vumbi ni vumbi. Shida ilikuwa ile sura. Kila mtu aliyetazama kitambaa alikuwa na sura ileile: kwanza hasadiki, kisha macho yanakimbilia mlangoni kuona kama jirani amesikia, kisha anakuwa mdogo. Watu wazima, mafundi, walimu, bibi arusi wa juzi, wanakuwa wadogo ndani ya vyumba vyao wenyewe, na yeye amesimama juu yao ameshika bomba, anaingoja aibu ikolee. Alikuwa hodari. Alijua kwa kutazama shingo ya mtu kama amekaribia. Alijichukia hasa kwa huo uhodari.

Kwa hiyo nafasi ya mkuu wa mafunzo ilipotangazwa, aliitaka kama mtu anavyotaka hewa. Mkuu wa mafunzo ana ofisi ghorofa ya tatu, meza ya kioo, dirisha linalotazama maegesho. Haingii chumbani kwa mtu. Hagusi godoro. Aliwaambia wadogo zake, alimwambia mama yake, hata mfagiaji wa ofisi alimwambia.

Mshindani wake alikuwa mmoja tu: kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliyepewa jina la Tai kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata kwenye mechi ya kampuni.

Mkurugenzi alimwita ofisini.

"Mimi nakutaka wewe," alisema. "Ila kuna onyesho la mwisho. Na nataka ulifanyie kwa mama yako."

"Kwa mama yangu?"

"Miaka yote hii hujamuuzia mama yako. Ulidhani sijui?"

"Mama hahitaji."

Mkurugenzi aliangua kicheko, akapiga meza. "Hebu rudia! Nani alikufundisha kusema mteja hahitaji?"

"Mama yangu si mteja."

"Mwenye godoro ni mteja. Tai ameshafanya la kwake, kwa babu yake mzaa mama. Mzee amenunua mbili! Ya pili sijui anafyonzea nini. Sasa wewe unaogopa chumba cha mama yako, halafu nikukabidhi wanafunzi wa nchi nzima uwafundishe nini? Kuogopa?"

Hakuwa anaogopa chumba. Alikuwa anamjua mwenye chumba. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu. Alifua mashuka ya wodi ya wazazi na ya chumba cha upasuaji, na wauguzi walikuwa wanasema shuka lake limetakata na kukakamaa hata ukilipigia kelele linaitika. Baba alipopigwa na kiharusi, alilala kitandani karibu miaka mitatu, na mama alimgeuza, alimwosha, alimbadilishia, bila msaidizi. Alipofariki, daktari aliyekuja kuandika cheti alimfunua mgongo, akautazama, akauliza muuguzi wake alikuwa nani. Hakukuwa na kidonda hata kimoja. Katika maisha yake yote mama hakuwahi kujisifu kwa lolote ila hilo, na hilo nalo alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, siku ya maziko.

Alimpigia mama simu siku moja kabla ya onyesho.

"Ni kazi tu, mama. Wewe kaa. Usinunue. Yeye ananitazama mimi ninavyofanya."

"Na usipofanya vizuri?"

"Cheo kitakwenda kwa Tai."

"Yule mwenye shingo ndefu?"

"Huyohuyo."

"Na wewe utaendelea na magodoro ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Njooni. Nitapiga deki."

Walifika asubuhi na gari la kampuni. Mama alikuwa mlangoni, kiganja kimoja kimeshika fremu. Ana miaka sitini na tisa. Mkurugenzi, ambaye hata hamsini hajafika, alimwambia, "Mama, hujambo?" kama anayemsalimia muuza duka. Mama aliingoja shikamoo yake kidogo, hakuisikia, akasema, "Karibuni ndani."

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, kabati, kiti kimoja na pazia lililopigwa pasi. Kilinuka sabuni na jua. Dada Kitambaa alitoa shuka, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Alipachika kitambaa. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, kama ya mtu anayefunga vifungo vya shati. Nyuma yake mkurugenzi aliegemea kizingiti cha mlango, ameinua simu juu.

"Nachukua video kidogo," alisema. "Kwa kumbukumbu."

Alipitisha bomba upande wa ukutani, upande wa baba. Hakuuchagua, ndio uliokuwa karibu. Alizima mashine, akatoa kitambaa, akakilaza kwenye mto.

Kijivu, laini, kama cha kila nyumba.

Alinyamaza, kwa sababu sasa ndio wakati wa kunyamaza. Alisikia jirani anaburuta ndoo. Mama alikitazama kitambaa, akamtazama binti yake usoni kwa muda, akamtazama mwanamume wa mlangoni. Kisha akaziba pua kwa vidole viwili.

"Mungu wangu!" akasema. "Yaani humu ndimo ninamolala?"

Mkurugenzi akasogea hatua moja.

"Mtu nimefua mashuka ya hospitali mpaka nimezeeka, kumbe kwangu nalala jalalani! Aibu gani hii?"

"Sema tu, mama," mkurugenzi alinong'ona. "Sema."

"Na marehemu nilimlaza humuhumu. Mgonjwa hajiwezi, nikamlaza kwenye uchafu huu. Maskini. Labda ndio uliommaliza."

Mkurugenzi alivuta pumzi kama mtu aliyeonjeshwa asali. "Hilo la mwisho, mama. Tafadhali lirudie. Nilikuwa sijasogea vizuri. Na uangalie kitambaa, usiniangalie mimi. Pole pole."

Mama akalirudia. Neno kwa neno, polepole, macho kwenye kitambaa, vidole puani. Mara ya pili alilisema vizuri zaidi.

Hapo ndipo binti yake alipoelewa. Mama hakuwahi kumwita baba "marehemu". Kwake alikuwa "baba yenu", akiwa hai na akiwa kaburini. Na mwanamke aliyefua matambara ya wodi ya wazazi miaka thelathini hakuwahi kuziba pua mbele ya kitu chochote. Alikuwa anaigiza. Alikuwa amesimama kwenye chumba chake kisafi, mbele ya mwanamume asiyejua kumsalimia, anajitangaza mchafu na kumtangaza mumewe kuwa aliuawa na uchafu wake, ili binti yake apate meza ya kioo.

Dada Kitambaa akainama kuchomoa waya wa mashine ukutani.

"Umepata kazi!" mkurugenzi alisema. Alikuwa anacheka, ameshika bega lake. "Jamani! Nimekaa kwenye biashara hii tangu nina nywele, sijapata kuona kitu kama hiki. Shika, ona mwenyewe. Hii itaonyeshwa kwa kila kundi linaloingia. Kila kundi! Na wewe ndiye utakayeionyesha, mkuu wa mafunzo."

Akamwekea simu mkononi.

Aliitazama yote. Kwenye kioo kile kidogo mama yake alionekana mfupi, na kitambaa kilionekana kikubwa. Sauti ya mkurugenzi ilisikika ikisema "pole pole". Aliwafikiria wanafunzi wa miaka ishirini na moja, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanapiga makofi. Akafuta ya kwanza. Akafuta ya pili. Akaingia mahali simu inapotunza vilivyofutwa, akavifuta na huko, kisha akamrudishia mwenyewe.

Mkurugenzi alibonyezabonyeza. "Ziko wapi?"

"Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Zote mbili."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Alimkodolea macho. Hakupaza sauti, watu wa mauzo hujifunza mapema kutopaza. "Unajua ulichokifanya?"

"Mama yangu hakumuua baba yangu."

"Nani amesema amemuua? Ni mauzo tu hayo."

"Najua ni mauzo. Muuzaji si mimi?"

Mkurugenzi alitia simu mfukoni, akanyoosha koti. "Haya. Nitampigia Tai nikiwa njiani." Kisha, kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna, akamgeukia mama. "Mama, mashine tukuachie? Unaweza kulipa kidogo kidogo."

"Niache kwanza nifikirie, bwana," mama akasema, bado ameshika pua.

Mama aliushusha mkono gari lilipokwisha kukata kona. Akakichukua kitambaa kwa ncha, akakipeleka dirishani, akakikung'uta, akamtupia binti yake.

"Wewe una akili timamu?"

"Mama, alikuwa anataka kukuonyesha kwa watu."

"Angewaonyesha! Nani ananijua? Watoto wa chuo watanifanya nini, watanipiga?"

"Ulisema baba…"

"Nilichosema nimekisema. Baba yenu anajua nilivyomtunza. Huyo bwana wako simtaki anijue, hata salamu hana. Mimi nimejivua nguo mbele ya mtu mzima ili wewe utoke kwenye vitanda vya watu. Nimevua, wewe unanikusanyia na kuzitupa nje. Umeniacha uchi bure!"

"Niliona kinyaa, mama."

"Kinyaa!" Mama alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na mzaha. "Nimeshika damu na mavi ya watu miaka thelathini ili wewe usome. Ulinisikia siku hata moja naongea habari za kinyaa? Leo ndiyo siku uliyochagua kukiona? Ugali umeshaiva sufuriani, unaumwaga?"

Dada Kitambaa alishika ncha ya shuka. Alitaka kusaidia kutandika. Mama alimpokonya shuka, akaligeuza godoro peke yake, akachomeka pembe jinsi zinavyochomekwa hospitalini, akalainisha kwa kiganja, na hakumtazama.

"Mashine yako hiyo iondoe," alisema. "Inanuka."

Alikuwa sahihi; ilikuwa inanuka. Binti aliibeba mpaka barabarani kwa mikono miwili, kwa kuwa gari la kampuni lilikwisha kwenda, na kila aliyempita alimwangalia kama anayemwangalia mtu aliyefukuzwa nyumba na vyombo vyake.

Tai aliteuliwa Alhamisi. Alituma ujumbe mrefu wa kumshukuru mwalimu wake, wenye nyota tatu mwishoni. Alichofanya mkurugenzi kuhusu Dada Kitambaa ni kutofanya chochote: hakumfukuza, hakumkaripia, hakumtaja. Mauzo ya mji wake ni mazuri, na likizo inaanza.

Jumatatu saa mbili asubuhi Dada Kitambaa atawachukua wanafunzi wanane wapya na kuanza nao kwenye maghorofa yaliyo nyuma ya kituo cha zimamoto. Mlango wa kwanza ni wa mwalimu wa chekechea aliyejifungua mwezi uliopita.